Namna ya Kuchagua kati ya Vitenzi vya Kiingereza Vinavyokaribiana Maana

Mfanyabiashara wa Tunduma akimwambia mteja wake kutoka Nakonde "borrow me your pen", atapewa kalamu bila swali, kwa kuwa mkono alioukunjua umeshaeleza haja yake. Mwanafunzi wa kidato cha nne akiiandika sentensi hiyo hiyo kwenye insha atapoteza alama, na mwombaji wa kazi akiiandika kwenye barua huenda asiitwe kabisa. Kosa hili halitokani na uchache wa maneno. Mwandishi anayajua yote mawili, "borrow" na "lend", na pengine aliyakariri tangu kidato cha kwanza, ila kamusi yake ndogo ilimpa kwa yote mawili tafsiri moja tu, azima, ikamwacha hapo.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia vijana na watu wazima jijini Mbeya kuandika Kiingereza cha mitihani, cha biashara na cha kuongozea wageni. Nimeona kwamba wengi wetu tunayashughulikia maneno haya kwa kukariri jozi: hili na hili, lile na lile. Jozi zilizokaririwa husahaulika haraka. Njia ninayoipendekeza ni kuanza na sentensi nzima ya Kiswahili, kukagua kitenzi chake kilivyonyambuliwa, ndipo uende kwenye Kiingereza. Kiswahili hutenganisha kwa viambishi mambo mengi ambayo Kiingereza hutenganisha kwa maneno mawili tofauti, kwa hiyo mara nyingi jibu tayari liko mdomoni mwako. Hatari ya kweli iko mahali pengine, pale ambapo kitenzi kimoja cha Kiswahili kinafanya kazi ya vitenzi viwili au vitatu vya Kiingereza. Ukijua uko upande upi kati ya hizo mbili, umeshamaliza nusu ya kazi.

Pale mnyambuliko unapokuonyesha njia

Chukua "rise" na "raise", ambavyo huwatesa watu kwa kuwa vinakaribiana hata katika matamshi. Andika kwanza kwa Kiswahili: "Bei ya mbolea imepanda." Kisha andika: "Mwenye duka amepandisha bei ya mbolea." Katika sentensi ya kwanza bei imepanda yenyewe, wala hakuna aliyetajwa kuwa ameisukuma. Katika ya pili yupo mtendaji, naye ametenda juu ya kitu, na Kiswahili kimelionyesha jambo hilo kwa kauli ya kutendesha. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo hapa, kwa hiyo hubadilisha neno: "The price of fertiliser has risen" kwa sentensi ya kwanza, na "The shopkeeper has raised the price of fertiliser" kwa ya pili. Kanuni ni kwamba "panda" au "inuka" huenda na "rise", ambacho hubadilika kuwa "rose" na "risen", nayo "pandisha" au "inua" huenda na "raise", ambacho hubaki "raised" kote.

Njia hiyo hiyo inatatua "remember" na "remind". Mtu anayesema "Remember me to buy salt" alikusudia kusema "Nikumbushe kununua chumvi", na kitenzi cha kukumbusha ni "remind". Kwa hakika "Remember me to your mother" ni Kiingereza sahihi, lakini maana yake ni "Nisalimie mama", na hapo ndipo msikilizaji anaweza kupotea kabisa. Vilevile "jifunza" ni "learn" na "fundisha" ni "teach", kwa hiyo mwalimu hawezi kuku-"learn" hesabu, hata awe hodari namna gani.

Jozi ngumu kuliko zote katika kundi hili ni "lie" na "lay", na hata wazawa wa Uingereza na Marekani huikosea kila siku. "Lie" ni kulala au kujinyoosha bila kutaja usingizi, na pia hutumika kueleza mahali kitu kilipo, kama tunavyoweza kusema kwamba mji wa Iringa uko juu ya kilima kinachoutazama Mto Ruaha Mdogo: "Iringa lies on a hill above the Little Ruaha." "Lay" ni kulaza, kuweka chini, na kwa kuku ni kutaga. Mpaka hapo hakuna shida, kwa sababu "lala" na "laza" zinatuongoza. Shida inaanza katika wakati uliopita, kwa maana "lie" ikipita huwa "lay", yaani inavaa sura ile ile ya mwenzake. "The child lay on the mat" ni mtoto alijinyoosha mkekani. "The mother laid the child on the mat" ni mama alimlaza mtoto mkekani. Nashauri umbo hili ulikariri tu, kwa kuwa hakuna hila ya kulikwepa, na ukumbuke pia kwamba "lie" ya kudanganya ni neno jingine kabisa, ambalo wakati uliopita wake ni "lied".

Nani anafuata baada ya kitenzi

Swali la pili la kujiuliza ni kama kitenzi kinamdai mtu au kinadai kitu. Kiswahili hulijibu swali hili kwa kiambishi cha mtendwa, ile "ni", "tu" au "m" inayokaa katikati ya kitenzi. Linganisha "Kondakta alisema kwamba basi limejaa" na "Kondakta alituambia kwamba basi limejaa". Hakuna Mswahili anayesema "Kondakta aliambia kwamba", kwa sababu kitenzi "ambia" hakikai bila mtu. "Tell" ina tabia ile ile: "The conductor told us that the bus was full." "Say" ni "sema", hufuatwa na maneno yaliyosemwa: "The conductor said that the bus was full." Sentensi kama "He said us" au "He told that" zinavunja kanuni ambayo tayari unaifuata katika lugha yako. Zipo chache zinazotoroka, kama "tell the truth", "tell a lie" na "tell a story", ambazo hazihitaji mtu, nazo zitakuingia kwa kuzisikia.

"Speak" na "talk" ni nyepesi zaidi. "Speak" hutumika kwa lugha, kama bibi anayezungumza Kisafwa na Kinyakyusa, na kwa kusema rasmi mbele ya watu. "Talk" ni maongezi ya kupokezana: abiria wawili waliojadili bei ya viazi kutoka Uyole mpaka Igurusi walikuwa "talking about the price of potatoes".

Hata hivyo, usikiamini kiambishi cha mtendwa kwa asilimia mia. Kwa Kiswahili tunasema "nieleze", na kwa hiyo wengi huandika "explain me", ilhali Kiingereza kinadai kitu kwanza na mtu baadaye: "explain it to me." Kinyume chake, "discuss" hakitaki kabisa lile "about" tunalolibandika kwa sababu tunasema "kujadili juu ya". Andika "We discussed the price" na usiongeze neno.

Mahali ambapo swali la mtu na kitu linazaa matunda mengi zaidi ni katika wizi. Nimesoma zaidi ya mara moja, katika maelezo ya watu waliopoteza simu sokoni, sentensi "I was stolen at Mwanjelwa". Kwa Kiingereza, sentensi hiyo inasema kwamba mwandishi mwenyewe alibebwa na wezi kama ng'ombe aliyetolewa zizini usiku. Kiswahili kinaijua tofauti hii vizuri sana, kwani "nimeibwa" na "nimeibiwa" si kitu kimoja, nasi hatukosei kamwe. "Steal" inadai kitu kilichochukuliwa: "They stole my phone", au "My phone was stolen". "Rob" inadai mtu au mahali palipoporwa: "They robbed a woman at the bus stand", "They robbed the bank". Aidha, "rob" ikitumika kwa mtu huashiria nguvu au vitisho, kwa hiyo inakaribiana na "pora" na "nyang'anya" kuliko na "ibia". Aliyechomolewa simu mfukoni pasipo kujua hajawa "robbed" kwa maana kamili ya neno, na polisi anayeandika maelezo kwa Kiingereza anapaswa kuichunga tofauti hiyo, kwa sababu katika sheria wizi na unyang'anyi ni makosa mawili tofauti.

Kitenzi kimoja, kazi mbili

Sasa tuirudie "azima", kwa kuwa ndiyo mfano halisi wa kundi la hatari. Tunasema "Nimeazima jembe kwa jirani", na tunasema pia "Jirani ameniazima jembe", na kitenzi hakijabadilika isipokuwa kwa kiambishi kidogo ambacho sikio halikizingatii. Mimi mwenyewe, nikiwa kidato cha kwanza, nilisimama mbele ya darasa nikamwomba mwalimu "ani-borrow" rula, na kwa muhula mzima wenzangu hawakuniita kwa jina jingine. Dawa niliyoipata baadaye ni kubadilisha neno kwa muda. Ondoa "azima" kwenye sentensi yako na uweke "kopa" au "kopesha", hata kama kitu chenyewe si fedha, uone ipi inakaa. "Nimekopa jembe kwa jirani" inakaa, basi ni "borrow": "I have borrowed a hoe from my neighbour." "Jirani amenikopesha jembe" inakaa, basi ni "lend": "My neighbour has lent me a hoe." Kitu kinachokujia wewe kinakwenda na "from", na kinachotoka kwako kinakwenda na "to". Hila hii ya kubadilisha neno kwa muda hufaa kwa vitenzi vingi, ili mradi upate kisawe cha Kiswahili kilicho na maana moja tu.

"Kataa" nayo hutatuliwa vivyo hivyo. Ukiweza kuibadilisha kuwa "kana", tumia "deny", ambayo hufuatwa na tendo linalokanwa: "He denied stealing the goat." Kama "kana" haikai, kwa sababu mtu amekataa ombi, amri au zawadi, tumia "refuse": "He refused to pay." Mtuhumiwa aliyeandikwa kwamba "refused stealing the goat" ataonekana ni mtu mwema aliyekataa kushawishiwa.

Katika "shinda" angalia kilichoshindwa. Ukitaja mashindano, vita au zawadi, ni "win". Ukitaja mpinzani, ni "beat" au "defeat". Kwa watu wa Iringa mfano uko nyumbani: "Mkwawa won the battle of Lugalo in 1891", lakini "Mkwawa beat the Germans at Lugalo in 1891". Shabiki anayetoka Uwanja wa Sokoine akitangaza "We won them" amechanganya mambo mawili, ingawa furaha yake inaeleweka. Wakati uliopita wa "beat" ni "beat" hiyo hiyo, na wa "win" ni "won".

"Fika" ina vitenzi viwili vyenye maana karibu moja, na tofauti yake ni ya kihusishi tu. "Reach" haitaki kihusishi: "We reached Makambako at noon." "Arrive" inakitaka, "in" kwa mji au nchi na "at" kwa mahali padogo kama stendi, shule au nyumba. "Reach at" na "arrive to" zote mbili si sahihi, nami nadhani "reach at" ndiyo kosa lililoota mizizi kuliko yote katika barua za kiofisi za ukanda huu.

Mengine nayapitia kwa haraka. Ukisahau kitu na ukataja mahali kilipobaki, Kiingereza hutumia "leave": "I left my bag at home", usipotaja mahali, "I forgot my bag" inatosha. Ukikosa basi, umeli-"miss", wala huku-"lose", kwa sababu "lose" ni kupoteza kilichokuwa chako. "Omba" ni "ask" kwa mtu, "pray" kwa Mungu, na "apply for" kwa kazi au nafasi ya chuo. Chai tunaipika, lakini Waingereza hawai-"cook". Wao hu-"make tea", na anayeongoza wageni katika mashamba ya chai ya Mufindi au Rungwe afadhali alijue hilo mapema.

Nitataja kimoja zaidi kwa ajili ya wenyeji wa Makete na Njombe, ambako mwezi wa Juni na Julai huwezi kutoka nje alfajiri bila koti. Sisi husikia baridi, husikia njaa na husikia harufu. Kiingereza "hear" ni kazi ya masikio peke yake. Baridi ni "feel cold" au "be cold", njaa ni "feel hungry", na harufu ni "smell". Tofauti ya "sikia" na "sikiliza" tunayo tayari, nayo inalingana na "hear" na "listen", ila usiisahau "to" katika "listen to the teacher".

Amevaa, wala hajamaliza kuvaa

Jambo hili nalitengea nafasi yake kwa sababu kosa lenyewe halitoki kwenye maana ya kitenzi, linatoka kwenye kiambishi chetu "me". Tunafundishwa shuleni kwamba "me" ni "has" au "have", na kwa vitenzi vingi ni kweli: amefika, "he has arrived". Lakini Kiswahili huitumia "me" hiyo hiyo kuonyesha hali iliyopo sasa baada ya tendo kukamilika. Tukisema "Amevaa koti", hatuzungumzii tendo lililopita. Tunamwona mtu na koti liko mwilini. Kwa hiyo "He has worn a coat" haielezi tunachokiona. Kinachotakiwa ni "He is wearing a coat." Akiwa bado anapitisha mkono kwenye mikono ya koti, yaani "anavaa", ni "He is putting on a coat." Na ukimvisha mtoto, mnyambuliko unakupa neno la tatu: "dress the child".

Ukilielewa hili kwenye mavazi, utalitambua mahali pengi. Amesimama ni "is standing", amekaa ni "is sitting", amelala ni "is sleeping" au "is lying down", amechoka ni "is tired". Jaribio langu ni rahisi: je, ninaweza kuongeza neno "sasa hivi, tazama" mwishoni mwa sentensi na ikabaki na maana? "Amevaa koti, sasa hivi, tazama." Inabaki. Basi iache "has" na utafute umbo la hali.

Mahali msemaji alipo

"Bring" na "take" ni "leta" na "peleka", na Kiswahili kinalingana na Kiingereza hapa kwa ukaribu wa kushangaza, hata katika jambo dogo kwamba kitu kinachokwenda kwa msikilizaji nacho "huletwa": "Nitakuletea kesho", "I will bring it to you tomorrow." Cha muhimu ni kuamua msemaji amesimama wapi. Historia ya Kalenga, makao ya Mkwawa karibu na Iringa, inatoa mfano mzuri. Fuvu lililorudishwa kwa Wahehe mwaka 1954 kama la Mtwa (chifu) Mkwawa, likikabidhiwa na Gavana Edward Twining, mtu wa Iringa atalieleza hivi: "The Germans took the skull to Germany, and Governor Twining brought it back to Kalenga in 1954." Mtu anayeandika akiwa Ujerumani anaweza kuvigeuza vitenzi hivyo viwili na asiwe amekosea. Ikiwa mtu anatakiwa kwenda na kurudi na kitu, kama mtoto anayetumwa kuteka maji, tumia "fetch".

Kuhusu "see", "look at" na "watch", "ona" inakupa "see", lakini "tazama" na "angalia" zimebeba nyingine zote mbili. Jiulize kama kitu kinatembea au kinabadilika mbele ya macho yako. Mgeni aliyepanda hadi ukingo wa kreta ya Ngosi "sees the lake" mara tu msitu unapofunguka, "looks at" picha aliyoipiga kwenye simu, na "watches" ukungu unavyosogea juu ya maji. Mpira nao tunau-"watch". Na "angalia kama mlango umefungwa" si mojawapo ya hayo, ni "check".

Pale njia hii inapogoma

"Do" na "make" hazitii utaratibu huu kikamilifu. "Fanya" na "tengeneza" husaidia mwanzoni: kinachobaki baada ya kazi, kama kiti, chai au kelele, ni cha "make", kazi yenyewe, kama kazi ya nyumbani, mtihani au utafiti, ni ya "do". Mwanamke mwenye kibanda cha parachichi "does business and makes a good profit". Lakini kosa ni "make a mistake", uamuzi ni "make a decision", na kupiga simu ni "make a call", na hakuna sababu itakayokuridhisha. Kwa jozi kama hii nunua daftari dogo, utenge ukurasa kwa kila kitenzi, na kila unapokutana na mfano uandike sentensi nzima, wala si neno pekee, pamoja na umbo la wakati uliopita. Sentensi iwe ya maisha yako: duka lako, shamba lako, safari yako ya Tukuyu.

Kamusi nayo ichague kwa makini. Kamusi za Kiingereza zilizotungwa kwa ajili ya wanaojifunza mara nyingi huweka herufi T au I kando ya kitenzi. T ni kitenzi elekezi, kinachodai kitu au mtu, na I ni sielekezi, kinachojitegemea. Herufi hiyo ndogo, ambayo wengi hatuitazami, ndiyo ingekuambia mapema kwamba "raise" ina T na "rise" ina I. Ukikuta kitenzi kina zote mbili, soma mifano iliyo chini ya kila herufi kabla hujaandika chochote, na uihamishe mmoja mmoja kwenye daftari. Katika daftari langu, ukurasa wa "make" umeshajaa pande zote mbili na nimelazimika kugundisha karatasi ya ziada.